Harold wa Primrose: rekodi tatu za mpiga viola mmoja

Mpenzi wa muziki anayetaka kusikia viola ikisimama mbele ya orkestra nzima hana kazi nyingi za kuchagua, na miongoni mwa hizo chache ipo moja isiyokosa kutajwa, nayo ni Harold en Italie ya Hector Berlioz, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Paris mnamo Novemba 1834. William Primrose, Mskoti aliyezaliwa Glasgow mwaka 1904, aliirekodi kazi hiyo kwa ajili ya kuuzwa mara tatu: mwaka 1944 na Boston Symphony chini ya Serge Koussevitzky, mwaka 1951 na Royal Philharmonic ya London chini ya Thomas Beecham, na mwaka 1958 tena na Boston Symphony, safari hii chini ya Charles Munch. Zote tatu zimekwisha kuhamishiwa kwenye sahani za kisasa na kwenye huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti, kwa hiyo swali la mnunuzi ni la kawaida kabisa: aanze na ipi, na je, ana haja ya kuwa nazo zote? Nimezisikiliza kwa zamu kwa muda wa wiki tatu, mara kwa spika za masikioni, mara kwa spika za sebuleni, na jibu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Rekodi ya 1944, iliyo mbaya kuliko zote kwa ubora wa sauti, ndiyo ninayoishauri kwa anayetaka kumjua mpiga viola huyu.

Sababu zangu hazieleweki bila kueleza kwanza viola ni chombo gani. Kwa umbo ni fidla iliyokua, na nyuzi zake nne zimeshushwa hatua tano chini ya zile za fidla. Kwa uzito wa sauti inayotakiwa kutoa, ilipaswa kuwa na mwili mkubwa kuliko mkono wa binadamu unavyoweza kuubeba begani, na kwa kuwa jambo hilo haliwezekani, mafundi wa karne zote wameridhika na suluhu, kila mmoja kwa kipimo chake. Ndiyo maana hadi leo utakuta viola yenye mwili wa sentimita 39 na nyingine inayozidi 43, na zote ni viola halali. Suluhu hiyo ndiyo inayoipa sauti yake ukungu fulani, kama mtu anayezungumza akiwa kivulini. Katika orkestra, wapiga viola kumi au zaidi hukaa katikati ya muziki, kati ya fidla zinazobeba wimbo na besi zinazobeba uzito. Msikilizaji aliyelelewa na taarab, ambako fidla zote huushika wimbo kwa pamoja na kumjibu mwimbaji, huenda akashangaa kwamba upo upande mzima wa nyuzi ambao kazi yake ya kila siku ni kujaza nafasi ambayo hakuna anayeitambua mpaka iwe tupu. Wanamuziki wa orkestra huwatania wapiga viola kama watani wa jadi wanavyotaniana msibani, na kiini cha utani wenyewe ni kwamba viola ni kimbilio la aliyeshindwa fidla.

Primrose hakushindwa fidla. Baba yake alikuwa mpiga fidla katika orkestra ya Scotland, na mtoto alishikishwa fidla mapema, akapelekwa kusoma London, kisha kuanzia mwaka 1926 akaenda Ubelgiji kwa Eugène Ysaÿe, mmoja wa wapiga fidla wakuu wa zama zile. Ysaÿe ndiye aliyemshauri ahamie viola. Mwaka 1928 alikuwa bado anapiga fidla aliposimama Paris katika Sinfonia Concertante ya Mozart, kazi ya fidla na viola mbele ya orkestra, mpiga viola mashuhuri Lionel Tertis akiwa upande wa viola na Beecham akiongoza, na inaelekea kwamba jioni ile ilimaliza mjadala moyoni mwake, kwa sababu mwaka 1930 aliingia London String Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne, kama mpiga viola na hakurudi nyuma. Kwa mtu aliyekwisha kujijengea jina kwa fidla, hatua hiyo ilikuwa sawa na kuacha duka la barabara kuu na kwenda kufungua genge uchochoroni. Kazi za viola zilikuwa chache na waandaaji wa maonyesho walikuwa wagumu.

Quartet ilipovunjika, alivuka bahari. Mwaka 1937 shirika la redio la NBC lilikuwa likiunda orkestra mpya mjini New York kwa ajili ya mwongozaji Arturo Toscanini, na Primrose akajiunga na wapiga viola wake. Alikaa humo hadi mwaka 1941. Ni miaka minne tu katika maisha ya miaka 77, na wanaoandika wasifu wake huipita haraka ili wafike kwenye umaarufu; mimi naona ndiyo ufunguo wa rekodi ninazozihakiki hapa. Orkestra ya redio hurusha matangazo moja kwa moja. Kosa linafika kwa mamilioni kabla mpigaji hajashusha upinde. Toscanini, ambaye mwenyewe alitoka katika viti vya sello na alikuwamo katika orkestra ya jumba la opera la La Scala ilipopiga Otello ya Verdi kwa mara ya kwanza mwaka 1887, hakuwa mtu wa kumsamehe aliyekaa kiti cha nyuma kwa sababu tu hasikiki peke yake. Mpiga viola katika hali hiyo hujifunza kusikiliza pande zote kwa wakati mmoja, kupima upinde wake kwa upinde wa jirani, na kujua ni lini sauti yake inahitajika na ni lini inaziba ya mwenzake. Kutoka ndani ya orkestra hiyohiyo Primrose aliunda quartet yenye jina lake mwaka 1939, pamoja na Oscar Shumsky, Josef Gingold na Harvey Shapiro, na mwaka huohuo Toscanini alimtoa mbele kupiga Harold katika matangazo. Tangazo hilo nalo limehifadhiwa, lakini kwa sauti kavu ya studio ya redio, na nalipendekeza kwa wakusanyaji tu.

Kwa nini basi mafunzo ya kiti cha orkestra yawe na maana katika kazi ya mpigaji wa mbele? Jibu limo katika kisa cha Paganini. Mpiga fidla huyo alikuwa amepata viola ya Stradivari na akamwomba Berlioz amtungie kitu cha kuipigia. Alipoonyeshwa sehemu ya kwanza na kukuta viola ina mapumziko mengi, alikataa, kwa kuwa alitaka kupiga muda wote. Berlioz akaendelea kwa njia yake, akaandika simfoni ambamo viola ni mtu anayetembea milimani Italia, akiona mahujaji wanapita, akimsikia kijana wa Abruzzi akimwimbia mchumba wake, na mwishoni akizidiwa na kelele za majambazi. Jina la Harold limetoka kwa mshairi Byron, lakini kilichochukuliwa ni jina na upweke wake tu. Maelekezo yanataka mpigaji asimame mbele, karibu na hadhira, mbali na orkestra. Lakini muziki aliopewa mara nyingi ni wa mtu anayetazama, na katika sehemu ya nne ananyamaza karibu muda wote. Chrétien Urhan ndiye aliyeipiga mwaka 1834. Paganini aliisikia hatimaye Desemba 1838, akapiga magoti mbele ya mtunzi, na siku chache baadaye akampelekea faranga 20,000. Kwa ufupi, hii ni kazi inayomtaka mpigaji mwenye uwezo wa kuwa nyota na tabia ya kukaa katikati ya wenzake, na watu wa aina hiyo hawapatikani kirahisi.

Sasa rekodi ya 1944. Tarehe yenyewe ina mambo yake. Tangu Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kilikuwa kimewazuia wanachama wake kurekodi, kikidai kwamba santuri zinawanyang'anya wapigaji riziki na kwamba kampuni lazima zilipe fidia. Kampuni ya santuri ya RCA Victor ilikubali masharti Novemba 1944, na kabla mwezi huo haujaisha Koussevitzky na Primrose walikuwa mbele ya maikrofoni Boston. Utepe wa sumaku haukuwa umeingia katika studio za Marekani, kwa hiyo kipande kilichoharibika hakikuweza kukatwa na kuungwa, kilirudiwa chote. Kazi ya dakika arobaini hivi ilipaswa kugawanywa ili itoshe katika sahani za santuri za mzunguko wa 78, ambazo upande mmoja hubeba dakika nne na ushee. Mnunuzi wa leo husikia vipande hivyo vikiwa vimeunganishwa, na mwenye sikio kali atagundua mahali ambapo pumzi ya orkestra inakatika kidogo na kuanza upya. Kuna mkwaruzo wa sindano. Besi zimefunikwa, kinubi kinasikika kama kiko nyuma ya pazia, na orkestra inapopaza sauti yote, matarumbeta na ngoma hugeuka kuwa kitu kimoja. Haya ni mapungufu halisi na sitaki kuyapamba.

Lakini sikiliza viola inavyoingia. Utangulizi wa Berlioz ni mzito, sauti za chini zikifuatana moja nyuma ya nyingine kama watu wanaopanda mlima kwa shida. Vyombo vya kupulizwa vinatamka wimbo wa Harold kwa huzuni. Kisha orkestra inatulia na viola inautamka wimbo uleule kwa utulivu na mwanga, ikisindikizwa na kinubi. Wapigaji wengi wa baadaye huingia hapo kama mgeni rasmi, wakisubiri watu wasimame. Primrose anaingia kama mtu ambaye alikuwa ndani ya chumba tangu mwanzo na sasa ndiyo kwanza amefungua mdomo. Mtetemo wa kidole chake ni wa haraka na mwembamba, upinde hauongezi uzito kwenye noti ya kwanza, na wimbo unaporudi kwa sauti ya chini zaidi anaushusha hadi karibu na kunong'ona bila kupoteza umbo la hata noti moja. Koussevitzky naye, ambaye kabla ya kuwa mwongozaji alikuwa mpiga besi katika orkestra ya Bolshoi mjini Moscow, anawaweka wapiga nyuzi wa Boston chini yake kwa uangalifu ambao nadhani mtu hujifunza akiwa amekaa upande ule.

Ni haki kusema kwamba sauti ya Primrose haimpendezi kila mtu. Wanaofuata njia ya Tertis, aliyependa viola kubwa na sauti nzito yenye giza, humwona Primrose kuwa mpiga fidla aliyevaa koti la viola: uzi wake wa juu unang'aa, kasi yake ni ya kutisha, na uzi wa chini kabisa haugurumi vya kutosha. Nakubali sehemu ya kwanza ya malalamiko hayo na kuikataa ya pili. Katika sehemu ya pili ya kazi hii, mahujaji wanapopita wakiimba sala ya jioni na kengele ya mbali inarudiwarudiwa na pembe pamoja na kinubi, viola haina wimbo kabisa kwa muda mrefu. Inapanda na kushuka juu ya nyuzi zote nne, upinde ukiwa karibu na daraja, kile kibao kinachoziinua nyuzi, na sauti inayotoka ni kama kioo kinachokwaruzwa kwa upole. Hapo ndipo redio ya NBC inaposikika. Mahujaji wanaendelea na safari yao, viola inazunguka chini yao, wala Primrose hajaribu hata mara moja kutukumbusha kwamba jina lake limeandikwa kwenye jalada. Nimesikia wapigaji maarufu wakiligeuza pito hilo kuwa zoezi la vidole. Hapa ni ubaridi wa jioni tu.

Sehemu ya tatu inapita vizuri, sina la kuongeza. Ya nne ndiyo inayotenganisha rekodi hizi tatu. Berlioz anairudisha mandhari moja baada ya nyingine, mahujaji, wimbo wa kijana, wimbo wa Harold mwenyewe, na kila mara majambazi wanaikatiza, mpaka viola inaishiwa maneno na kunyamaza. Ukiwa ukumbini unamwona mpigaji amesimama, chombo mkononi, orkestra ikivuma nyuma yake. Katika rekodi humwoni, kwa hiyo inabidi ukumbuke kuondoka kwake, na utaukumbuka ikiwa tu aliondoka vizuri. Mwaka 1944 Primrose anaupiga wimbo wake wa mwisho ukivunjika vipande, kila kipande kifupi kuliko kilichotangulia, bila kulialia.

Wiki hiyohiyo, tarehe 1 Desemba 1944, Koussevitzky na orkestra yake walipiga kwa mara ya kwanza kazi mpya ya Béla Bartók, Concerto for Orchestra. Ni katika majira hayo Primrose alipomwendea Bartók na kumwomba kazi ya viola. Mtunzi, aliyekuwa mgonjwa uhamishoni, alimwandikia Septemba 1945 kwamba rasimu iko tayari na kilichobaki ni kuiandika kwa orkestra; wiki chache tu baadaye, tarehe 26 ya mwezi huo, alifariki New York. Tibor Serly alizikusanya karatasi hizo na kuzikamilisha, na Primrose akaipiga Minneapolis mnamo Desemba 1949, Antal Doráti akiongoza. Ninayataja haya kwa sababu mnunuzi wa Harold atakutana na Bartók huyo mara tu anapotafuta jina la Primrose, na anapaswa kujua kwamba yule anayemsikia mwaka 1944 ndiye mpigaji ambaye Bartók alikubali kumwandikia.

Rekodi ya 1951 ina wapenzi wengi, na ninawaelewa. Beecham hakutoka katika kiti chochote cha orkestra. Alikuwa mwana wa tajiri wa vidonge vya tumbo, na alijifunza kuongoza kwa kuunda orkestra zake mwenyewe, Royal Philharmonic ikiwa imeundwa mwaka 1946. Matembezi ya mahujaji hapa ni bora kuliko katika rekodi nyingine yoyote ninayoijua: mwendo hauburuzwi, kengele iko mahali pake, na mahujaji wanatoweka gizani taratibu hata hujui ni lini walimaliza kupita. Sauti ni safi zaidi kuliko ya 1944, ingawa bado ni ya mono. Tatizo langu ni majambazi. Majambazi wa Beecham ni watu wenye adabu, wanaonawa mikono kabla ya kula, na Harold anayezidiwa na watu wa namna hiyo hakuzidiwa na kitu. Primrose anapiga kwa ustadi uleule, pengine kwa raha zaidi, lakini ile hali ya mtu aliye hatarini haipo.

Munch naye alikuwa mpiga fidla wa kiti cha mbele katika orkestra ya Gewandhaus ya Leipzig kabla ya kushika kijiti cha uongozaji, na majambazi wake ni majambazi kweli. Rekodi yake ya 1958 ni ya stereo, na kwa mara ya kwanza katika mfululizo huu mtu anaweza kuelewa Berlioz alikuwa akifanya nini na nafasi: kinubi kiko upande mmoja, vyombo vya shaba upande mwingine, na sauti za ndani zinaonekana wazi kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Kama mtu hajawahi kuisikia kazi hii na anataka kuijua kazi yenyewe, basi aanze hapa bila kusita. Primrose alikuwa na miaka 53. Alikuwa amenunua, miaka minne nyuma, viola iliyotengenezwa na Andrea Guarneri mwaka 1697, na sauti yake hapa ni nene kuliko zamani, ila mtetemo umepanuka kidogo na baadhi ya mapito ya kasi yanapita kwa uzoefu kuliko kwa wepesi. Maikrofoni pia imesogezwa karibu naye mno. Viola iliyokuwa ikinong'ona ndani ya orkestra mwaka 1944 sasa imekaa kwenye paja la msikilizaji, na hilo, kwa kazi hii, naliona ni kosa la ladha hata kama si kosa la fundi.

Baada ya hapo maisha yake ya jukwaani hayakuwa marefu. Kusikia kwake kulimsumbua, mwaka 1963 moyo wake ulipata shambulio, na sehemu kubwa ya miaka iliyobaki aliitumia kufundisha, Indiana kuanzia mwaka 1965, kisha Japani, na mwishowe Provo katika jimbo la Utah, ambako alifariki tarehe 1 Mei 1982 na ambako hifadhi ya karatasi na noti za viola yenye jina lake imewekwa katika Brigham Young University.

Kwa mnunuzi, mambo mawili ya vitendo. Kwanza, kwa kuwa Boston Symphony na jina la Primrose yanajitokeza katika rekodi mbili tofauti, tazama jina la mwongozaji kabla ya kulipa au kubonyeza: Koussevitzky ni 1944, Munch ni 1958. Pili, wanaohamisha santuri za zamani hawafanyi kazi sawa. Wapo wanaouondoa mkwaruzo wote na kuondoka na nusu ya viola pamoja nao, kwa hiyo sikiliza dakika tano za mwanzo kabla ya kuamua, na kati ya toleo lenye mkwaruzo na toleo lililo kimya kama pamba, chukua lenye mkwaruzo. Mwenye fedha ya kuchukua mbili aongeze Munch. Mwenye hamu ya kumfuata Primrose mbele zaidi atafute concerto ya viola ya William Walton, yaani kazi ya viola mbele ya orkestra, aliyoirekodi mwaka 1946, mtunzi mwenyewe akiiongoza orkestra ya Philharmonia. Ni kazi ambayo Tertis aliikataa ilipokuwa mpya na Paul Hindemith akaipiga badala yake London mwaka 1929.

Na ukifika mwisho wa sahani ya 1944, usizime mapema. Majambazi wanapokuwa katika kilele cha ghasia, orkestra inakatika ghafla, na kutoka nje ya jukwaa fidla mbili na sello moja zinaukumbuka wimbo wa mahujaji. Viola inarudi kujiunga nazo kwa mipigo michache tu inayotetemeka. Katika santuri hii ya zamani, chini ya mkwaruzo wa sindano, ni vigumu kabisa kutenganisha ni ipi sauti ya Primrose na ni zipi za wale watatu wasiotajwa majina waliokaa nyuma ya mlango.